UZI: Hizi filamu za mashujaa, ni lazima kila mara tuonyeshwe walikotoa nguvu zao?

Mwana_Himbi (Goma)

Habari zenu, wapenzi wa filamu.

Nina dai moja na ninaliweka wazi: mtu wa kawaida ambaye hajawahi kushika katuni za Marekani hahitaji kuonyeshwa shujaa alikotoa nguvu zake. Tunaambiwa sehemu ile ya mwanzo, mtoto anafiwa, anapata ajali, anajaribu nguvu, anashona nguo, imewekwa kwa ajili ya mgeni. Mimi naona mgeni ndiye wa kwanza kuchoka nayo.

Chukueni Superman ya 2025, ile ya James Gunn. Haionyeshi sayari ikilipuka wala chombo kikitua shambani Kansas. Kuna mistari michache ya maandishi tu: karne tatu zilizopita watu wenye nguvu walianza kuonekana, miaka thelathini iliyopita mtoto alitumwa duniani, na inashuka hivyo hivyo hadi dakika tatu zilizopita, Superman kapigwa kwa mara ya kwanza. Papo hapo anaanguka kwenye theluji, damu mdomoni, anapiga mluzi kumwita mbwa wake. Niliiangalia na mama mdogo, mtu wa filamu za Nigeria na nyimbo za kwaya, hajui Krypton, ile sayari ya Superman, ni nini. Hakuuliza huyu ametoka wapi. Aliuliza, "Nani amemupiga hivi?" na akakaa hadi mwisho.

Kwangu mtazamaji anahitaji kujua mambo mawili: mtu huyu anaweza nini, na nini kinamshinda. Mengine atayaokota njiani. Anayepinga alete hoja.

Kadutu_Juu (Bukavu)

Napinga. Umechagua shujaa ambaye dunia nzima inamjua tangu 1938. Hata mama mdogo ameshaiona ile S kwenye fulana za mitumba miaka yote. Jaribu na mtu asiyejulikana uone kama atakaa.

Halafu kuna shujaa ambaye ukimtoa chanzo hakibaki kitu. Spider-Man ya Sam Raimi, 2002. Peter anapigana mieleka apate pesa, mwenye mchezo anamdhulumu, kisha mwizi anamwibia yule mwenye mchezo na kukimbia mbele ya Peter. Peter anasogea pembeni, mwizi anaingia kwenye lifti. Muda mfupi baadaye Ben, baba yake mkubwa aliyemlea, amelala barabarani na risasi mwilini, na aliyempiga ni yule mwizi. Tangu hapo, kila akitoka usiku kuokoa watu asiowajua, unajua analipa deni gani. Buibui si chanzo. Chanzo ni ile hatua moja ya kusogea pembeni. Spider-Man bila hatua ile ni sombe bila chumvi.

FundiFlashi (Goma, Birere)

Mimi kazi yangu ni kujaza filamu kwenye flashi na simu za watu hapa Birere, kwa hiyo huyo mtazamaji wa kawaida mnayemtaja anasimama mbele yangu kila siku. Nitawaambia ninachokiona.

Mteja akikuta sura asiyoijua, swali lake la kwanza ni "Hii iko ya ngapi?" Ukimwambia ni ya pili, anataka ya kwanza, hata kama ya pili inaeleweka peke yake. Hapo Kadutu_Juu ana haki. Lakini akishafika nayo nyumbani, watoto wanaisogeza mbele hadi steringi avae nguo zake. Wananieleza wenyewe bila aibu: "Tumeruka pale anaposoma shule." Kwa hiyo wanataka kuwa nayo ile ya kwanza, si lazima waiangalie.

Tena mnasahau wasimuliaji. Filamu nyingi zinazotoka hapa zina sauti ya mtu juu yake. Za Kiswahili zinatoka Tanzania na Kenya, na zile za agasobanuye, yaani zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda, zinavuka kutoka Gisenyi. Msimuliaji hamwachi mtu gizani. Majina ya waigizaji bado yanapita kwenye kioo, yeye ameshaanza: huyu mnayemuona ni yatima, baba yake alikuwa tajiri mkubwa, wazazi waliuawa akiwaangalia, subirini mtaona atakachofanya. Shujaa akinyamaza kidogo, msimuliaji anaingiza kisa cha filamu iliyotangulia. Mwongozaji asipoweka chanzo, msimuliaji atakiweka. Hiyo ya Gunn ikishasimuliwa, Krypton italipuka tu.

Dada_Ndosho (Goma)

FundiFlashi, wewe nyamaza kabisa kwa habari ya "iko ya ngapi". Uliniuzia Avengers ya kwanza, nikafungua nikakuta Thanos, adui wa ile ya tatu, anakaribia kumaliza kukusanya mawe yake.

FundiFlashi (Goma, Birere)

Dada, leta flashi nitakujazia bure, zote kwa mpangilio.

Mwalimu_Katindo (Goma)

Naomba niongeze historia, maana tunaongea kana kwamba katuni zenyewe zilianza na vyanzo. Batman alitokea kwenye Detective Comics namba 27, mwaka 1939. Wazazi hawatajwi, uchochoro walikouawa haupo. Ni mtu aliyevaa vazi la popo anawasaka wauaji, basi. Kifo cha wazazi wake kilielezwa kwenye namba 33, Novemba mwaka ule ule, kwa kurasa mbili. Wasomaji walikuwa wameshampenda tayari, na hawakujua lolote kumhusu isipokuwa kwamba ni tajiri na usiku hatulii nyumbani.

Superman wa 1938, chanzo chake kilikula ukurasa mmoja. Spider-Man wa Stan Lee na Steve Ditko, 1962, kisa chote, pamoja na mwizi na kifo cha Ben, ni kurasa 11.

Kwa hiyo chanzo kilikuwa kifupi, sinema ndiyo iliyokirefusha. Superman ya Richard Donner, 1978, unakaa karibu saa nzima kabla Christopher Reeve hajaonekana na vazi lake. Na hapa nitamuuliza Mwana_Himbi: watu waliipenda filamu ile kweli kweli, pamoja na saa yake nzima. Walichoka wapi?

Maelezo yangu ni kwamba chanzo kinamsaidia mwandishi kuliko kinavyomsaidia mtazamaji. Mtu hana, anapata, anashindwa kutumia, anajifunza, anashinda. Mifupa ya hadithi iko tayari kabla mwandishi hajakaa mezani. Filamu ya shujaa ambaye tayari ni shujaa ni ngumu kuandika, kwa sababu lazima utafute tatizo lingine la kumbadilisha.

Chukudu_Boy (Goma)

Kadutu_Juu, rekebisha hapo. Aliyempiga Ben risasi si yule mwizi. Filamu ya tatu, 2007, ilisema ni Flint Marko, yule anayegeuka mchanga. Wewe unatetea chanzo ambacho waliokitengeneza wenyewe walikigeuza. Kama ni nguzo ya hadithi nzima, mbona waliigusa?

Kadutu_Juu (Bukavu)

Angalia tena tukio lenyewe. Marko amesimama kwenye dirisha la gari, bastola mkononi, Ben anaongea naye kwa upole. Yule mwizi anatoka mbio na begi la pesa, anamgusa mkono, risasi inatoka. Asingekuwepo yule mwizi, risasi isingetoka. Na yule mwizi yuko pale kwa sababu Peter alisogea pembeni. Walibadilisha kidole kilichovuta, hawakubadilisha deni.

Dada_Ndosho (Goma)

Hapo umejibu, kaka.

Lushois_wa_Kenya (Lubumbashi)

Jambo yenu ba Goma na ba Bukavu. Kenya yangu ni komini ya Lubumbashi, musinitume Nairobi.

Mwalimu amesema muzuri lakini kuko kitu ameacha. Angalieni miaka. Fantastic Four 1961. Hulk 1962. Spider-Man 1962. Nguvu zao bote zilitokaka wapi? Kwa miale. Ba Fantastic Four balipigwa na miale ya angani, Hulk ni bombe ya gama, Spider-Man ni buibui yenye ilipitiwa na miale. Ile miaka batu ba Amerika balikuwa banaogopa bombe ya atomiki, banalala nayo, banaamuka nayo. Na sehemu kubwa ya uraniamu ya kutengeneza bombe za kwanza ilitokaka Shinkolobwe, hapa karibu na Likasi, kwa mashimo ya Union Minière. Mi nikiangalia ule muntu anageuka kijani, nawaza udongo ya kwetu.

Njo maana minasema chanzo haiko kwa ajili ya kumuelezea mugeni. Chanzo inakuonesha batu ba ule muaka balikuwa banaogopa nini. Ukiitosha, ni kusema ukiitoa, shujaa anabakia na nguvu lakini hana tena muaka wake.

Mwalimu_Katindo (Goma)

Lushois, hoja hii sikuwa nimeiona, asante sana. Na inaendelea hadi kwenye sinema: mwaka 2002 Raimi hakutumia buibui mwenye miale. Alitumia buibui aliyebadilishwa vinasaba maabara. Hofu ilikuwa imehama kutoka kwenye bomu kwenda kwenye vinasaba, na chanzo kikahama nayo.

Mwana_Himbi (Goma)

Nimesoma zote. Mwalimu, ya 1978 watu walipenda kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kuona kitu kile kwa ukubwa ule. Mara ya kwanza inavumilika. Mimi nalalamikia kurudia.

Hebu tazameni The Incredible Hulk ya 2008. Miaka mitano kabla yake Ang Lee alikuwa ametoa Hulk iliyochimba utoto, baba, maabara, kila kitu. Hawa wa 2008 walikibana chanzo chote ndani ya majina ya mwanzo: kiti, mashine, macho ya kijani, mwanamke hospitalini, mtu anakimbia. Yanapoisha majina, Banner, yule anayegeuka Hulk, yuko Rio, mtaa wa maskini, anafanya kazi kwenye kiwanda cha soda. Anajikata kidole. Tone moja la damu linapenya, linaangukia ndani ya chupa inayopita kwenye mkanda. Anapiga kelele mashine zisimamishwe, anashuka mbio kufuta damu. Kwa tone lile moja umeelewa kila kitu, kwamba damu yake ni sumu, kwamba anajificha, kwamba anaogopa kuwadhuru watu hata wasiomjua. Hakuna profesa aliyesimama kutueleza.

Chukudu_Boy (Goma)

Mwaka ule ule, 2008, ilitoka Iron Man, chanzo kitupu. Pango la Afghanistan, Tony Stark, yule tajiri atakayekuwa Iron Man, na mfungwa mwenzake Yinsen wanapiga nyundo chuma, sumaku kifuani inazuia vipande visimfikie moyo. Na ni Iron Man iliyojenga nyumba yote ya Marvel, si ile Hulk yako. Nani anaongea habari ya ile Hulk leo isipokuwa wewe?

Mwana_Himbi (Goma)

Watu walimpenda mwigizaji wake, Robert Downey Jr., si pango.

Dada_Ndosho (Goma)

Mimi nilipenda pango. Pale anapotoka na vazi lile zito la vyuma vya kuungwaungwa, moto unawaka mbele yake, na Yinsen amebaki nyuma anakufa. Ukiniletea yule tajiri anaruka tu angani na majigambo yake bila mimi kujua kuna mtu alikufa ili yeye atoke, nisingempenda hata kidogo. Chanzo kinafanya tumsamehe mtu mwenye kiburi.

Muzee_wa_Kituku (Goma)

Vijana, nimewasoma. Mnaongea kana kwamba kuuliza shujaa katoka wapi ni jambo la Marekani. Wanyanga wa Walikale, jirani zetu hapa, wana Mwindo. Baba yake Shemwindo, chifu wa Tubondo, aliwaambia wake zake wazae wasichana watupu, maana alitaka mahari. Mwindo akazaliwa mwanaume, na hakuzaliwa kwa njia ya wengine. Alitokea kwenye kidole cha kati cha mama yake, anacheka, anaongea, anatembea, usinga wake mkononi. Baba akamrushia mikuki, haikumpata. Akamzika, akatoka kaburini. Akamtia ndani ya kapu na kumtupa mtoni.

Sasa oneni kilichoelezwa na kilichoachwa. Hakuna anayeuliza usinga ule alipewa na nani tumboni, wala kwa nini mtoto anatembea siku ya kuzaliwa. Nguvu zipo tu. Kinachoelezwa kwa kirefu ni ugomvi na baba, na ugomvi ule ndio unaoibeba hadithi nzima, hadi Mwindo anamfuata Shemwindo chini ya ardhi alikokimbilia. Kwa hiyo Mwana_Himbi amekosa na Kadutu_Juu amekosa. Chanzo cha nguvu si kitu. Chanzo cha ugomvi ni lazima.

Mtoto_wa_Walikale (Goma)

Muzee, heshima yako. Lakini si kapu. Ni ngoma. Walimfungia ndani ya ngoma, wakaitupa mtoni, na akiwa mle ndani alikuwa anaimba. Ngoma ndiyo iliyompeleka safari ya kwa shangazi yake Iyangura. Kapu lisingeimba.

Na kuna jambo lingine la kuongeza kwenye hoja. Masimulizi tuliyonayo kwenye kitabu, Daniel Biebuyck aliyachukua mwaka 1956 kwa Shekarisi Rureke, na kikachapishwa 1969 pamoja na Kahombo Mateene. Rureke mwenyewe hakuwa na mazoea ya kuisimulia yote kwa mfululizo tangu kuzaliwa hadi mwisho. Desturi ilikuwa kusimulia kipande, leo hiki, siku nyingine kile. Waliokuwa wanasikiliza walimjua Mwindo tayari, au walimjulia palepale. Nyumbani bibi alikuwa anaanza popote anapopenda, na sisi watoto tunauliza katikati, anajibu kwa sentensi moja, anaendelea. Kwa hiyo mimi niko na Mwana_Himbi.

Muzee_wa_Kituku (Goma)

Ngoma, sawa. Lakini hizo sentensi moja moja za bibi ndizo chanzo chenyewe. Hakuwanyima. Aliwapa mlipouliza.

Mwalimu_Katindo (Goma)

Na pwani wana Fumo Liyongo. Hakuna silaha inayomuua isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyetumwa kumchoma ni mwanawe wa kumzaa. Utenzi haujisumbui kueleza kwa nini shaba na kwa nini kitovu. Msikilizaji anapewa udhaifu bila sababu, anaukubali, halafu anakaa roho juu kumsubiri mtoto atakapoingia chumbani. Kama mwandishi angesimama kueleza kitovu, tungempoteza yule mtoto.

Shangazi_Ibanda (Bukavu)

Wanangu, mnamtaja mtazamaji wa kawaida na hakuna anayemuuliza. Mimi hapa. Sina katuni hata moja, na hizo namba 27 na 33 za mwalimu ndiyo kwanza nazisikia.

Filamu niliyoingia nayo moja kwa moja ni Black Panther ya 2018. Inaanza na sauti ya mtoto anamwomba baba yake amsimulie habari za nyumbani. Baba anaanza: kimondo kilianguka Afrika kikaleta madini ya vibranium, makabila matano yakapigana, mmoja akala mmea wa umbo la moyo akapata nguvu, akawa mfalme, na nchi yake, Wakanda, ikajificha nyuma ya milima. Picha zinajichora zenyewe kwa chembe zinazosogea, mkono, chui, mlima. Muda mfupi tu na imekwisha. Ndivyo tulivyokuwa tunasimuliwa sisi, jioni, mtu mzima anaongea na mtoto anauliza. Sikuhisi ninafundishwa.

Nilipoiangalia mara nyingine ndipo nikashika kwamba wale wawili si mfalme na mrithi wake. Baba ni N'Jobu, aliyekuwa Oakland, Marekani, 1992, na mtoto ni Erik, yule yule atakayerudi kuidai Wakanda kwa damu. Kisa chote cha nchi tumekipata kutoka kwa mtoto aliyetupwa nje ya nchi. Hiyo iliniuma kuliko mapigano yote. Kwa hiyo chanzo kinaweza kuwa kifupi na bado kikabeba uchungu wote.

Na kile kimondo hakuna mtu wa Kivu anayehitaji maelezo. Nchi iliyokalia madini ambayo dunia nzima inayataka. Rubaya, kule Masisi, wanachimba koltani kwa majembe, na madini yake yanaishia ndani ya simu tunazoandikia hapa. Wakanda ilipofunguka kwenye kioo, treni zinapita juu ya soko, watu wamevaa vizuri, hakuna askari wa kigeni, dada yangu alitoa machozi. Wala hakuwa anamlilia T'Challa, yule Black Panther mwenyewe.

Kadutu_Juu (Bukavu)

Shangazi, nimesoma mara mbili. Asante.

Chukudu_Boy (Goma)

Shangazi, kwa heshima, T'Challa ana chanzo, ila kiko kwenye filamu nyingine. Captain America: Civil War, 2016. Bomu linalipuka Vienna, baba yake T'Chaka anakufa mikononi mwake, naye anavaa vazi kwenda kulipiza. Ulipoingia kwenye Black Panther kazi ilikuwa imeshafanywa.

Shangazi_Ibanda (Bukavu)

Hiyo sijaiona mwanangu, na sikukosa kitu.

Mwana_Himbi (Goma)

Hapo ndipo ninaposimama.

Kadutu_Juu (Bukavu)

Usisimame haraka. Hoja ya Chukudu_Boy ina mlango mwingine. Kuna vyanzo vinavyohamishwa, na kuna vinavyocheleweshwa. Spider-Man wa Tom Holland aliingia 2016 kwenye Civil War bila buibui, bila Ben. Homecoming ya 2017 nayo hivyo hivyo, na wote tukasema haya, wameachana nacho. Sasa njoo No Way Home, 2021. Anayekufa ni May, mama yake mlezi, na yeye ndiye anayemwachia Peter yale maneno ya nguvu na wajibu ambayo kwingine yalikuwa ya Ben. Mwishoni kijana anakaa chumba cha kupanga peke yake, hakuna anayemkumbuka, anajishonea vazi kwa cherehani. Hiyo ni nini kama si mwanzo? Wametupatia chanzo kwa filamu tatu. Hawakukiondoa, walikiweka mwisho, na kilikuwa kizito zaidi kwa sababu tulikuwa tumeshamzoea mtoto.

Lushois_wa_Kenya (Lubumbashi)

Na ba studio? Munaongea sanaa, hamuongei biashara. Haki za Spider-Man kwa sinema ziko kwa Sony. Juu ya Holland aingie kwa Marvel, kulikuwa na mapatano ya Sony na Disney, yenye iko na Marvel, 2015. Batu balikuwa bameona chanzo 2002, bakaiona tena 2012 na Andrew Garfield. Miaka kumi tu katikati. Ya tatu nani angelipa? Hawakuitosha juu ya heshima ya mutazamaji. Balihesabu feza.

Dada_Ndosho (Goma)

Batman ndiye aliyenichosha. Wazazi wake wamekufa mbele ya macho yangu kila nikiwasha. Na kila filamu ina muuaji wake! Ile ya Tim Burton, 1989, aliyewaua ni Jack Napier, huyo huyo anayekuja kuwa Joker. Ya Nolan, 2005, ni Joe Chill, na walikuwa wanatoka kwenye opera kwa sababu mtoto aliogopa. Ya 2016 anayopigana na Superman, mkufu wa lulu wa mama unanasa kwenye bastola. Ya Joker, 2019, ni mtu tu wa fujo za mtaani mwenye kinyago. Yule mama hapumziki.

Nilipoona ya Matt Reeves, 2022, amekwepa, nilishukuru. Humuoni mama wala lulu. Unamuona mtoto mwingine, mwana wa meya aliyeuawa, na Batman anamwangalia muda mrefu bila neno. Basi. Nilielewa.

Mwalimu_Katindo (Goma)

Dada, ulielewa kwa sababu ulikuwa umeshawazika wale wazazi mara nyingi hivyo. Mtu ambaye Batman ndiyo anaanza naye pale 2022, lile jicho lingempita.

Dada_Ndosho (Goma)

Mdogo wangu wa mwisho ndiyo alianza nayo ile. Aliniuliza, "Huyu naye hana baba?" Hakuambiwa na mtu.

Chukudu_Boy (Goma)

Mumemgusa Joker, ngojeni. The Dark Knight, 2008. Heath Ledger anaeleza makovu ya mdomo mara mbili. Mara ya kwanza ni baba mlevi na kisu. Mara ya pili ni mke aliyekatwa uso, naye akajikata ili amfariji. Zote mbili haziwezi kuwa kweli, na anatisha kwa sababu hiyo hiyo. 2019 wakaja wakatueleza Joker mwanzo hadi mwisho, mama, ugonjwa, kazi ya kuchekesha watoto. Filamu nzuri, lakini yule mtu hanitishi tena. Ninamhurumia. Kwa hiyo swali la uzi lingeulizwa hivi: unataka mtazamaji amhurumie au amwogope? Ukitaka ahurumie, eleza. Ukitaka aogope, funga mdomo.

Muzee_wa_Kituku (Goma)

Hii ni kauli ya mtu mzima.

Kadutu_Juu (Bukavu)

Kwa adui nakubali. Shujaa hatumwogopi.

Lushois_wa_Kenya (Lubumbashi)

Superman wa Zack Snyder, ule wa 2013, mi nilikuwa namuogopa. Na chanzo balimupa ya kutosha, Krypton yote.

Shangazi_Ibanda (Bukavu)

Naomba msaada wa vitendo. Nina mpwa wa miaka tisa, anakuja kukaa kwangu likizo, hajawahi kuona hata moja. Nianze naye na ipi? Msinitajie zile za giza.

FundiFlashi (Goma, Birere)

Spider-Man ya 2002, mama. Ataiangalia hadi aikariri.

Mwana_Himbi (Goma)

Fantastic Four ya 2025. Tunawakuta wana miaka minne kazini, safari ya angani na miale inaelezwa ndani ya kipindi cha televisheni, halafu ni familia inayosubiri mtoto. Ile ya 2015 usimpe. Wale watu wanakaa maabara hadi usingizi unakuja.

Mtoto_wa_Walikale (Goma)

The Incredibles, 2004. Ni ya kuchora, ni baba, mama na watoto wao. Hakuna mahali panapoelezwa nguvu zimetoka wapi, na sijawahi kusikia mtoto hata mmoja akiuliza. Mama anarefuka, baba ana nguvu, wanagombana mezani, mtoto anaelewa kila kitu.

Kadutu_Juu (Bukavu)

Mpe hiyo shangazi, ni nzuri kweli. Ila mtoto wa Walikale asiseme haina chanzo. Syndrome, adui wao, anacho. Alikuwa mtoto shabiki, ametengeneza viatu vya kuruka kwa mikono yake, anamfuata Mr. Incredible, yule baba, amsaidie kazi, na yule mkubwa anamfukuza mbele ya watu. Filamu yote inatoka pale, kwenye uso wa yule mtoto. Wameruka nguvu, hawakuruka jeraha.

Mtoto_wa_Walikale (Goma)

Jeraha la adui, sawa. Mr. Incredible mwenyewe je? Nitajie lake.

Dada_Ndosho (Goma)

Kufukuzwa kazi ya mashujaa na kuwekwa ofisini kwenye kiti kidogo. Lakini hilo linatokea baada ya yeye kuwa shujaa, kwa hiyo sijui mtaliweka upande wa nani.